Watoto watano wa ziwa, tiketi moja

Mwangaluka! Shikamooni wazazi wote mnaoangalia, na wenzangu, mambo vipi. Leo siko Ujerumani, niko nyumbani Mwanza. Hapa nyuma yangu ni feri ya Kamanga inapakia, mnamwona yule kijana anavyoelekeza lori lirudi kinyumenyume. Upepo wa ziwa ukiingia kwenye sauti mnivumilie.

Picha za Venice mliziona zamani, lakini safari yenyewe sijawahi kuisimulia yote. Naisimulia sasa kwa sababu kuna wadogo zetu wanaondoka mwezi wa tisa kuwahi muhula wa Oktoba. Mmoja nimekutana naye jana Kirumba, anakuja kulekule kwangu Würzburg, mji ambao una undugu na Mwanza tangu mwaka 1966. Akaniuliza, "Dada, kusafiri huko ni rahisi eti?" Nikamwambia ni rahisi, ila kesho angalia video.

Tulikuwa watano, wote watoto wa ziwa: mimi, kaka mmoja wa Bukoba, mwingine wa Musoma, na dada wawili wa Kisumu. Kule jimbo la Bayern kuna tiketi ya siku nzima ya watu mpaka watano. Mnapanda treni za kawaida tu, zile za kasi hapana. Ni karatasi moja, mnaandika majina yenu humo na mnasafiri pamoja. Kwa mwanafunzi ni mkombozi. Ikashikwa na kaka wa Bukoba, maana ndiye mtulivu kuliko wote.

Mpango ulikuwa tuanzie ziwa la Tegernsee, jioni tuvuke mpaka hadi Salzburg, Austria, halafu treni ya usiku mpaka Venice. Munich tukafika tumechelewa. Tukakimbia, kila mtu akaingia mlango uliokuwa karibu naye. Sisi tukijua treni ni moja, tutaonana mbele.

Sasa sikiliza vizuri, wewe wa Kirumba. Ile treni inatoka Munich ikiwa moja, lakini ni tatu zimeunganishwa. Ikifika Holzkirchen inakatwa, kipande kinakwenda Bayrischzell. Mbele kidogo, Schaftlach, inakatwa tena: kimoja Tegernsee, kingine Lenggries. Na ndani huwezi kupita kutoka kipande hiki kwenda kile. Kila kipande kina kibao kinachosema kinaishia wapi. Sisi nani alikuwa na muda wa kusoma kibao?

Pale Schaftlach treni ikasimama. Nikasikia chuma kikigonga, mtikisiko mdogo, basi. Nikachungulia dirishani, nikaona mabehewa mengine yanaanza kuondoka, na kwenye kioo namwona kaka wa Bukoba. Amebandika ile tiketi kwenye kioo kwa kiganja, majina yetu matano nayaona kabisa kwa kalamu ya bluu, mdomo unafunguka lakini sauti haifiki. Nikasimama. Dada wa Kisumu niliyekuwa naye akanishika mkono. Hatukuongea.

Mkaguzi akaja hata dakika tano hazijapita. Tukamweleza, Kijerumani changu kikakimbia chote. Akasikiliza kwa adabu kabisa, kisha akaandika: euro 60 kila mmoja. Na alikuwa na haki, maana tiketi ya kundi ni ya kundi, ukitengana nayo huna tiketi. Simu yangu ilikuwa imezima. Ya mwenzangu ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye kipande cha Tegernsee.

Tukafika Lenggries, tukakata tiketi nyingine, tukarudi Schaftlach, tukaenda Tegernsee. Tunafika, tunawakuta wawili tu. Kaka wa Bukoba kaenda Lenggries kututafuta! Tulipishana njiani. Ziwa lenyewe ni zuri, maji yametulia, milima imelizunguka, lakini kwa sisi tuliozoea kutoona ng'ambo, lile unalimaliza kwa macho. Tulikaa ukingoni tukimsubiri mwenzetu saa nzima na zaidi. Aliporudi hakugomba. Alisema neno moja tu: "Kuanzia sasa, aliyepotea asimame alipo. Anayejua njia ndiye atarudi kumfuata." Tukakubaliana wote watano.

Salzburg sikuiona, niliona stesheni.

Alfajiri tunaingia Venice. Dada mdogo wa Kisumu anaamka, anaona kibao kimeandikwa Venezia, anavuta begi anashuka. Kumbe ile ni Venezia Mestre, ya huku bara. Kisiwani unashukia Santa Lucia, kituo kinachofuata. Sisi tukagundua hayupo treni imeshaondoka, iko juu ya maji. Pale kuna daraja la reli la mwaka 1846, zaidi ya kilomita tatu na nusu juu ya wangwa. Nikamfikiria mama, miaka yote ile ya kusubiri kivuko cha Kigongo, jua kali, foleni ya magari, na wagonjwa wa hospitali ya Bugando ndani ya foleni hiyohiyo. Juzi nimelipita daraja letu la Kigongo na Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, nikalia kwenye gari. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Basi, tukageuza na treni ya kurudi. Tumemkuta Mestre palepale aliposhukia, amekalia begi lake. Hakuwa amesogea hata hatua moja.

Kilichoniuma kweli ni kurudi. Freilassing, kituo cha kwanza ukiingia Ujerumani kutoka Salzburg, polisi wakapanda kukagua hati. Kaka wa Musoma alikuwa na pasipoti, lakini kadi ya ukaazi aliiacha chumbani Würzburg. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Picha siyo kadi. Ile kadi pamoja na pasipoti ndiyo inayokuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, siku 90 ndani ya kila siku 180. Wakamshusha.

Tungeweza kuendelea. Tiketi tulikuwa nayo, nafasi tulikuwa nazo. Hakuna aliyeuliza, tulishuka wote. Tukakaa kwenye benchi nje ya ile ofisi, kaka wa Bukoba akatoa chapati ya mwisho, imekauka, akaikata vipande vitano. Vinne tukala. Cha tano akakifunga kwenye tishu. Baada ya kama saa mbili wakawa wameziona taarifa zake kwenye kompyuta, wakamwachia. Alitoka macho mekundu. Akapewa chapati yake, akaila amesimama, sote tunamwangalia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kirumba, kadi yako ikitoka ikae mwilini, na siku ya kwanza ya safari yoyote mkubaliane aliyepotea afanye nini. Ukifika Würzburg nitafute, nitakuja kukupokea stesheni, jukwaani kabisa.

Haya, hiyo honi ni ya feri. Bibi ananisubiri Kamanga na sato ameshamkaanga, ngoja nikimbie.