Seli shina: kiinitete kinatetewa, aliyetoa yai je?

REHEMA: Haya wasikilizaji wetu karibuni, leo mimi na kaka Juma tumekaa na mada ya seli shina, zile zinazotolewa kwenye kiinitete cha binadamu. Kaka, anza na namna wanavyozipata.

JUMA: Sawa dada. Yai likishakutana na mbegu ya kiume, siku ya tano hivi unapata kitu kidogo sana, seli mia moja mia mbili, na ndani kuna kifungu cha seli ambazo bado hazijaamua ziwe nini, zinaweza kuwa moyo, mfupa, ubongo, chochote. Mwaka 1998 mwanasayansi James Thomson na wenzake kule Wisconsin, Marekani, ndo wakafanikiwa kukitoa kile kifungu na kukiotesha maabara. Viinitete vilikuwa vya watu waliokuwa wanatafuta mtoto kwa kupandikiza mimba, wakaridhia vitumike kwenye utafiti.

REHEMA: Na ukishakitoa, kiinitete ndo basi.

JUMA: Basi kabisa. Kanisa Katoliki linasema pale umeua, wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema roho inapulizwa siku ya 120, Uingereza nao sheria yao ya 1990 ikaweka siku 14 ndo mwisho wa kukifanyia kiinitete utafiti.

REHEMA: Mimi hapo nawasikiliza wote, kweli. Ila kinachoniuma ni hichi, watu wanabishana miaka na miaka kuhusu kiinitete halafu yule mama aliyetoa yai hatajwi. Angalia Korea Kusini. Mwanasayansi Hwang Woo-suk mwaka 2004 na 2005 akatangaza katengeneza seli shina kwa viinitete vya kunakili, yaani yai linatolewa kiini chake linawekewa cha seli ya mtu, nchi nzima ikamshangilia, kuja kuchunguza matokeo ya kupika! Sasa kila mtu anakumbuka ule uongo, wakati mayai yaliyotumika yalizidi 2,000, wanawake wengine waliyatoa kwa kulipwa, na wawili walikuwa watafiti wadogo humo humo kwenye maabara yake.

JUMA: Walisema wamejitolea lakini.

REHEMA: Kaka, bosi wako ndo anaamua kama jina lako litaingia kwenye ripoti, ndo anaamua kama utabaki kazini, akihitaji mayai utasema hapana? Na kutoa mayai sio kama kutoa damu jamani, unachomwa sindano za homoni siku kama kumi, halafu unaingizwa sindano ndefu ukeni kuyavuta, wengine ovari zinavimba mpaka tumbo linajaa maji, wanalazwa.

JUMA: Hapo nakuelewa. Ndo maana mimi Shinya Yamanaka, mtafiti wa Japani, namheshimu sana, 2006 akaanza na panya, 2007 binadamu, anachukua seli ya ngozi ya mtu mzima anairudisha nyuma iwe kama seli shina, bila yai bila kiinitete. 2012 akapewa Nobel pamoja na mwanasayansi wa Uingereza John Gurdon.

REHEMA: Kwa hiyo za kiinitete tuache?

JUMA: Hapana, bado wanazihitaji kulinganishia, na za Wisconsin zipo mpaka leo zinagawanyika tu maabara.

REHEMA: Basi hizo zitumike, wenyewe waliridhia. Ila utafiti wowote unaotaka mayai mapya, anayeomba asiwe bosi wa anayeombwa, na daktari anayeyatoa asiwe ndo mtafiti anayeyasubiri. Na yule mama akibadili mawazo asubuhi ya siku yenyewe, arudi nyumbani, asiulizwe kitu.