Dada wa Kilifi, barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza

Haya jamani, hamjambo? Leo sijajipamba, nimetoka zamu sasa hivi, mnivumilie. Kuna dada mmoja wa Kilifi, mwalimu wa shule ya msingi, ameajiriwa na serikali miaka mingi tu, kaniandikia: wakala kamwambia nafasi ipo huku Doha, Qatar, niliko mimi, je, apeleke barua ya kuacha kazi? Na si yeye peke yake. Swali hili nalipata kila mara, na wanaoniuliza wengi ni watu wenye kazi, tena ya kudumu.

Sitamjibu kwa habari zangu. Mimi nilikuja sina kazi, sikuwa na cha kuacha. Nitamjibu kwa habari za Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja. Ruhusa kanipa, ila jina na sura hataki. Sote hapa tunamwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na hata msimamizi wetu Mnepali humwita hivyo hivyo.

Ate alikuwa mwalimu wa shule ya serikali kule Iloilo. Kufundisha ameacha, ualimu haujamtoka: akikuta jina la mtu limekosewa kwenye karatasi ya zamu, anatoa kalamu nyekundu mfukoni na kusahihisha. Siku hizi yuko kitengo cha mashuka hapa hotelini. Najua mtauliza, mwalimu mzima mwenye pensheni anakunja mashuka kwa nini?

Mikopo, ndugu zangu. Walimu wa Ufilipino wanakopa kama wetu: karo, hospitali, mabati baada ya kimbunga, na marejesho yanakatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Mambo yalifika mahali sheria yao ya bajeti ikabidi iweke mpaka, kwamba makato yasimwache mwalimu na chini ya peso 5,000 kwa mwezi. Sisi Kenya tuna ile theluthi ya mshahara isiyoguswa. Wao wana hizo peso 5,000, ambazo hazifiki hata dola 100. Yaani kwenye karatasi Ate alikuwa na mshahara mzuri, lakini mkononi alikuwa na nauli tu.

Sasa sikilizeni alivyoondoka. Kwanza alingoja apite miaka 15 kazini. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali kwao, GSIS, unadai miaka hiyo. Ukishaifikisha, hata ukitoka mapema, pensheni inakungoja ufike miaka 60. Alikuwa na kalenda ya hesabu hiyo ukutani, na mumewe akimcheka.

Pili, barua aliipeleka mkataba wa Doha ukiwa tayari umehakikiwa. Kwao mkataba hauishii mikononi mwa wakala. Unapita ofisi ya kazi ya ubalozi wao huku huku, halafu unapita kwa serikali kule nyumbani. Siku hizi wana wizara nzima ya wafanyakazi wahamiaji, iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 2021. Kuna semina ya kabla ya safari, kuna dola 25 za mfuko wa ustawi, OWWA, na kuna cheti wanachokiita OEC. Huna cheti hicho, afisa wa uhamiaji pale Manila anakurudisha na mabegi yako, hata viza uwe nayo. Na wakala sheria inamruhusu atoze kisichozidi mshahara wa mwezi mmoja. Kwa wafanyakazi wa ndani haruhusiwi kutoza chochote. Linganisheni wenyewe na huku kwetu, mimi nanyamaza.

Msidhani serikali yao ilizaliwa na huruma. Mpango wa kupeleka watu nje ulianza 1974, enzi za rais wao Marcos, mafuta yamepanda bei na Ghuba inajengwa, ikasemwa ni wa muda. Mwaka 1995 Singapore ikamnyonga mfanyakazi wa ndani Mfilipino, Flor Contemplacion. Nchi ikawaka moto, na haikupita miezi mingi sheria ya kuwalinda wahamiaji ikapitishwa. Pesa nazo zina sauti: mwaka 2024 Wafilipino walioko nje walituma nyumbani kupitia benki zaidi ya dola bilioni 34. Sisi Wakenya, mwaka huo huo, karibu bilioni 5.

Na bado, wallahi, msimwonee wivu. Saa za hapa ni sawa na za Mombasa, nikitoka kazini nampigia mama tunapiga soga. Iloilo wako mbele yetu kwa saa tano. Ate akitoka zamu saa kumi na moja jioni, kwao ni saa nne usiku, kitinda mimba wake kashalala. Lile boksi pale kona mnaliona? Ni la Ate, linakwenda kwao kwa meli, na wanalipisha kwa ukubwa, si kwa uzito, basi haachi hata upenyo: soksi ndani ya vikombe, sabuni ndani ya viatu, kopo za nyama, losheni, taulo. Likijaa analikalia, mimi nafunga selotepu.

Dada wa Kilifi, mwambie wakala akupe mkataba wenyewe, si picha ya WhatsApp. Kima cha chini hapa Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi chakula wala malazi, anaongeza 300 na 500. Chini ya hapo, kimbia. Jina la wakala litafute kwenye orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya Kenya. Nenda ukaulize pensheni yako itasimama vipi ukitoka mwaka huu, na vipi ukitoka mwakani. Na ule mkopo wa sacco usijifanye umeusahau. Mshahara ukikatika watawafuata wadhamini, na wadhamini wako ni walimu wenzako.

Umeniuliza pia kama mtu huweza kurudi darasani. Ate deni lake alishalimaliza. Nikamuuliza, mbona hurudi? Akasema binti mkubwa anasomea uuguzi, karo haijaisha, na huyo binti ameshaanza kuulizia Ujerumani wanalipa kiasi gani.

Haya, nakwenda kulala, kesho naingia saa kumi na mbili asubuhi. Maswali andikeni hapo chini, ila mikopo yenu nitumieni faraghani.