Tairi Kubwa kwa Springi za Kiwandani: Pimeni Gari Likiwa Limebanwa

Ahsanteni sana. Nimepewa dakika ishirini, na nyote mliomo humu mnajua kusoma ubavu wa tairi, kwa hiyo sianzi na maana ya 265 wala maana ya 70. Naanza na swali linalonifuata kila ninaposimama mbele ya wenye magari ya porini: "Springi ni zile zile za kiwandani. Naweza kufunga tairi kubwa kiasi gani?" Na muulizaji huwa ameshachuchumaa pembeni ya gari, kapitisha mkono kati ya tairi na madigadi, ananiambia, "Hapa nina nafasi ya vidole vinne."

Vidole hivyo, ndugu zangu, havijapima kitu. Vimepima gari lililosimama kwenye sakafu, usukani umenyooka, hakuna abiria wala mzigo. Gari la namna hiyo hata tairi la lori unaweza kudhani litakaa. Nafasi inayohesabika ni ile inayobaki gurudumu likiwa limepanda hadi mwisho wa safari yake, springi imebanwa kabisa, na usukani umekunjwa. Hilo nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu mimi mwenyewe nililipia somo lake.

Gari langu lilitoka na 265/70R16, yaani upana wa milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Nikataka 285/75R16. Fundi akayafunga, akawasha gari, akakunja usukani kushoto hadi mwisho, akakunja kulia hadi mwisho, kimya. Hakuna kilichogusa. Nikalipa nikaondoka nimefurahi. Wiki kadhaa nzima nilitembea barabarani bila mkwaruzo hata mmoja, nikawa nawaambia wenzangu kwamba hizi habari za kusugua ni woga tu.

Kisha nikavuka korongo kavu. Nililivuka kwa mshazari, kama inavyotakiwa, na nilipokuwa napanda ukingo wa pili nikakata kulia kukwepa jiwe. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limebeba uzito wote wa kona ile. Nikasikia mlio kama turubai linapasuliwa kwa mikono. Nikadhani ni kijiti, nikaongeza mafuta. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Niliposhuka, plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imevutwa chini na kusokoteka juu ya tairi. Nikaichomoa. Nyuma yake hupita fungu la nyaya, na zile nyaya zilikuwa zimelika hadi ndani. Shaba ilikuwa inang'aa, safi kabisa, kama mtu kaisugua kwa msasa. Taa za breki ya ABS zikawa zimewaka kwenye dashibodi. Kwenye bega la tairi jipya, meno manne au matano yalikuwa yamenyolewa, na nilipopitisha kidole, unga mweusi wa mpira ulibaki kwenye ngozi. Ingekuwa ni bomba la breki linalopita pale, nisingekuwa na ya kuwasimulia kwa utulivu huu.

Sasa tazameni hesabu. Tairi la kwanza lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La pili, 834. Tofauti ni kama milimita 56, lakini ekseli hainufaiki nazo zote. Nusu inakwenda chini na nusu inakwenda juu. Kwa hiyo difu yangu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilipanda milimita 28, na tairi likala milimita 28 za nafasi upande wa juu, mbele na nyuma ya upinde, ukiacha milimita 20 za upana. Gurudumu linapojikunja sentimita nane kuelekea juu, vile vidole vinne vimeshakwisha.

Hapa lazima atokee mtu wa kuniambia: "Basi mimi nitainua gari, niweke springi ndefu, yaishe." Sikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo linalowala watu pesa. Springi ndefu inabadilisha pale gurudumu linapoanzia safari. Haibadilishi pale linapoishia. Linaishia kwenye mpira wa kizuizi, ule unaozuia ekseli isigonge chesisi, na kama mpira huo ni ule ule, gurudumu litafika mahali pale pale na kusugua kitu kile kile. Wala springi ndefu hainyanyui difu kwenye ekseli ngumu, ile ya chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu. Difu inanyanyuliwa na tairi peke yake. Ukirefusha mpira wa kizuizi, ndiyo, tairi halitafika juu. Lakini umeikata safari ya springi yako, na ile safari ndiyo inayoweka magurudumu ardhini kwenye mawe.

Mwingine ataniambia: "Mbona fulani ana gari kama langu, kafunga hayo hayo, hayagusi?" Yeye anatumia rimu gani? Rimu inayotoka nje zaidi, au vile vipande vya kuongezea upana, vinalitenga tairi na mkono wa springi kwa ndani, lakini sasa likikunjwa linachora duara kubwa zaidi na kukutana na bampa mbele na bodi nyuma. Tairi la kampani gani? Namba ni ile ile ubavuni, ila la matope lina meno yaliyotokeza begani na la lami halina. Na muulizeni: ameshalibana hadi mwisho, au anatembelea lami kama nilivyokuwa nikitembea mimi?

Namna ya kupima ni hii. Egemeza chesisi kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Toa springi za mbele. Paka chaki kwenye bega la tairi jipya, ulifunge, kisha inua ekseli kwa jeki hadi iguse mpira wa kizuizi. Kunja usukani polepole upande mmoja hadi mwisho, rudi, upande wa pili hadi mwisho. Chaki itakuonyesha tairi limegusa wapi. Rudia kwa upande mmoja umepanda na wa pili umeshuka, kwa sababu korongo halikunji magurudumu yote mawili pamoja. Usiyeweza kutoa springi, pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo na la nyuma la upande wa pili vivyo hivyo. Si kipimo kamili, ila ni bora sana kuliko vidole. Ikigusa kidogo kwenye plastiki, kata plastiki. Ikigusa chuma kinachobeba bodi, chukua tairi dogo zaidi. Bolti ya kuzuia usukani, kwenye ekseli zenye nayo, inaweza kufunguliwa itokeze kidogo, ili usukani usikunje hadi pale tairi linapogusa. Gari litahitaji uwanja mpana zaidi kugeuka, basi.

Muda unanibana, mengine nayapitia haraka. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 7. Kama spidi mita ilikuwa sahihi, ikisoma 100 wewe uko 107. Ukitembea kilomita 1,000, inakuandikia 932 hivi, halafu unapiga hesabu ya mafuta kwa kilomita pungufu na kuilaumu injini. Difu yenye uwiano wa gia wa 4.10 inakuwa kama ya 3.82: mlima unakuwa mzito, na kwenye mteremko injini inalishikilia gari kwa nguvu pungufu. Breki ni zile zile, lakini tairi limekuwa wenzo mrefu zaidi, na mguu wako utahisi. Namba ya uzito ubavuni isishuke chini ya ile ya kiwandani. Na la tano, la spea, lazima liwe saizi hiyo hiyo. Pimeni pale linapokaa chini ya mkia kabla ya kulipa, maana wengi wamerudi nyumbani nalo limelala kwenye viti vya nyuma.

Naonyeshwa saa. Gari liko nje, springi za mbele nilizitoa asubuhi, chesisi iko kwenye stendi na chaki iko juu ya boneti. Mwenye vidole vinne atangulie.