Shilingi Arobaini za Neti

ACHIENG': Hamjambo wasikilizaji, tuko Kisumu, na leo tunazungumzia neti. Hiyo hiyo neti ya mbu unayoichomeka chini ya godoro kila jioni. Ilifikaje hapo kitandani?

WEKESA: Mimi naikumbuka ikiuzwa, dada. Mama alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Kliniki wakamwambia neti ni shilingi 50. Alikuwa na nauli ya kurudi tu, akarudi bila.

ACHIENG': Pole yake. Na bei hiyo ilikuwa na watetezi wenye nia njema kabisa. Walisema mtu akipewa cha bure hakithamini, ataenda kuanikia omena.

WEKESA: Na wapo walioanikia. Tumeziona ufuoni.

ACHIENG': Tumeziona. Lakini kuona neti tano ufuoni hakukuambii kinachoendelea katika nyumba elfu tano usiku. Hapo ndipo lazima mtu apime. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walipima katika kliniki 20 za wajawazito huku kwetu magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine zikatoza kidogo, na bei ya juu kabisa ilikuwa shilingi 40.

WEKESA: Chini ya ile aliyoambiwa mama.

ACHIENG': Chini yake. Na bado, ukilinganisha na pale ilipotolewa bure, kwa kila kina mama 100 hizo shilingi 40 ziliwakosesha neti 60 hivi. Kisha watu wakaenda majumbani kuangalia. Waliopewa bure walikuwa wakizitundika sawa na walionunua.

WEKESA: Kwa hivyo bei haikuwa ikichuja wazembe. Ilikuwa ikichuja maskini. Miaka yote hii nilidhani ni mama peke yake aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

ACHIENG': Hakuwa peke yake. Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo lingine lililonigusa. Kwetu ni Gem, kaunti ya Siaya. Miaka ya tisini KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na wenzao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walifanya utafiti mkubwa Asembo na Gem, vijiji zaidi ya 200. Kwa kura, nusu ya vijiji vilipata neti zenye dawa kwanza, nusu vikangoja. Cha nyanya yangu kilingoja.

WEKESA: Aliwaelewa?

ACHIENG': Aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini wao, si sisi? Na jibu ni gumu kulimeza hata leo, kwamba bila wa kulinganisha nao, huwezi kujua neti imeokoa nani. Ilipojulikana, vifo vya watoto wachanga wa mwezi 1 hadi 11 vilikuwa vimepungua kwa asilimia 23. Na nyumba zisizo na neti, zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye neti, nazo zilikingwa.

WEKESA: Mita 300! Hapo ni kwa jirani wa tatu.

ACHIENG': Mbu akigusa neti yenye dawa anakufa, hafiki kwa jirani. Ndiyo maana nasema neti si kama sufuria, kila mtu ajinunulie yake. Ya kwako inamlinda mtoto wangu. Ni haki igharamiwe na wote. Mwaka 2006 Kenya iligawa neti milioni 3.4 bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na 2007 Shirika la Afya Duniani likahimiza ugawaji wa namna hiyo.

WEKESA: Lakini niseme linaloniuma. Kwetu walikuja watu wa utafiti fulani, sitawataja. Walimtoa damu mtoto wa dada yangu, wakaandika, wakaenda. Hakuna aliyerudi kusema waliona nini. Mwingine akija leo, dada anafunga mlango.

ACHIENG': Na ana haki. Matokeo yarudi kwenye baraza la chifu, kwa Kiluo, kwa Kibukusu, mtu asimame aulize mpaka atosheke.

WEKESA: Na sasa kuna la pesa. Kazi nyingi ya malaria huku ilikuwa ikilipwa na Marekani, na Januari 2025 wakasimamisha misaada yao.

ACHIENG': Ndiyo. Na afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Katiba inataka tuitwe bajeti inapotungwa. Mimi nimehudhuria mkutano wa wadi yetu: barabara, taa za soko, barabara tena. Malaria haikutajwa hata mara moja.

WEKESA: Ulisimama?

ACHIENG': Mwaka huo sikusimama. Safari hii nakwenda na hizo mita 300 zimeandikwa kwenye karatasi, na nyanya amesema twende pamoja.