Toleo la Kwanza la Katuni ya Shujaa: Kurasa 20 Kuanzia Karatasi Tupu

Habari zenu, karibuni mezani. Leo tunatengeneza toleo moja la katuni ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, hadithi na michoro yote. Kabla hujaanza kuwaza kama shujaa wako avae joho au asivae, leta karatasi 5 za A4. Zikunje katikati kama daftari, piga stepla mbili kwenye mkunjo. Hesabu: kurasa 20. Andika namba kwenye kila kona.

Sasa fungua polepole, fuata vidole vyangu. Ukurasa wa 1 uko peke yake. Wa 2 na wa 3 unaziona kwa mpigo. Ukimaliza wa 3 ndipo unageuza. Kwa hiyo chini ya ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, unamwacha msomaji na kiu. Juu ya ukurasa wa kushoto ndipo unapomshtua. Ukimchora jambazi akivunja mlango ukurasa wa 5, jicho limeshamwona wakati msomaji bado yuko wa 4, na shtuko limekufa hapo hapo. Msogeze wa 6. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu ndipo katuni nyingi zilizochorwa vizuri zinapolala.

Hatua ya pili, hadithi. Watu hukimbilia nguvu: anaruka, anatoa moto. Wewe anza na kile ambacho nguvu hizo zinamgharimu. Spider-Man alitoka mara ya kwanza katika jarida la Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962, mwandishi Stan Lee, mchoraji Steve Ditko, kwa kurasa 11 tu. Kijana anapata nguvu, anazifanyia biashara ya maonyesho, mwizi anampita mbele yake naye hajisumbui kumzuia. Baadaye mwizi huyo huyo anamuua Ben, baba yake mkubwa aliyemlea. Ondoa lile tukio la kumwacha mwizi apite, uone kama kinabaki kitu zaidi ya kijana aliyevaa nguo za kubana.

Shujaa wetu wa leo ni fundi baiskeli wa Kigamboni, Dar es Salaam, ng'ambo ya feri. Chuma kinamtii. Lakini kila akikiamuru, vidole vinakufa ganzi mpaka kesho yake, na fundi anakula kwa vidole. Chukua kile kidaftari, kila ukurasa uandikie sentensi moja ya kinachotokea. Ukurasa uliokosa sentensi ufute bila huruma. Mimi nimeweka kibanda chake kurasa 1 hadi 3, na kisanduku (fremu moja ya mchoro) cha mwisho cha ukurasa wa 3 ni abiria wote wa feri wamegeuza shingo upande mmoja. Wanatazama nini? Geuza. Mlango wa feri unaning'inia kwa mnyororo mmoja.

Kama mko wawili, mwandishi na mchoraji, kuna njia mbili. Mwandishi aeleze kila kisanduku tangu mwanzo, au afanye kama Lee: ampe mchoraji kisa kwa kifupi, mchoraji apange kurasa zote, ndipo maneno yaingizwe juu ya michoro. Njia ya pili huzaa kurasa zenye mwendo, ila andikishianeni mapema nani kafanya nini. Ubishi wa nani alibuni nini kati ya Lee na wachoraji wake, Ditko na Jack Kirby, upo hadi leo, na wote watatu wameshafariki.

Hatua ya tatu, maneno kabla ya mchoro. Ndiyo, kabla. Chora viputo, vile viduara vya maneno ya wahusika, kwanza kwenye kidaftari, halafu watu wakae kwenye nafasi iliyobaki. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo mikia ya viputo itapishana. Kuna kipimo cha zamani kinachohusishwa na Mort Weisinger, aliyekuwa mhariri wa Superman: ukurasa wa visanduku sita, maneno 35 kila kisanduku, usizidi 210. Kwetu punguzeni zaidi. "Hawatanikamata" ni neno moja lakini linajaza upana wa kiputo kizima.

Hatua ya nne, penseli. Hamia A3. Inakaribiana na karatasi za wachoraji wa Marekani, ambazo ni kama sentimeta 28 kwa 43. Tazama mlango wa feri hapa. Nimeupa visanduku vitatu. Cha kwanza, mnyororo peke yake, pete moja imefunguka. Cha pili, kiganja cha fundi, spana bado imo. Cha tatu kinakula nusu ya ukurasa: mlango umesimama hewani, watu wadogo kabisa chini yake. Bila vile viwili vidogo, hiki kikubwa hakina uzito.

Na barakoa! Ditko alimfunika Spider-Man uso mzima, kwa hiyo huzuni na hofu vyote vikahamia mabegani, shingoni na kwenye vidole. Jifunze hapo. Huyu wetu nimemwinamisha kichwa na kumlegeza viganja, macho sijayahitaji.

Wino: mchoro wa A3 ukichapwa kwenye kurasa za A5, kila mstari unabaki na nusu ya unene wake. Kalamu ya ncha ya milimita 0.1 itapotea. Tumia 0.3 kwenda juu, na vivuli jaza weusi kabisa badala ya kukwaruza mistari.

Rangi sitakaa sana. Mpe shujaa rangi mbili ambazo hakuna mwingine anazo kwenye ukurasa, kisha chapa ukurasa mmoja wa majaribio, maana bluu inayong'aa kwenye kompyuta mara nyingi hutoka imefifia kwenye karatasi.

Jalada fanya mwisho, kwenye karatasi ya sita inayofunika zile tano. Theluthi ya juu iache wazi kwa jina la katuni. Mchore fundi akiwa chini ya mlango, lakini usionyeshe kama ameuzuia. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, akae asome, wewe nyamaza. Akirudisha jicho nyuma kutafuta kiputo alichokiruka, tia alama hapo kwa penseli nyekundu, na hicho ndicho kisanduku cha kuchora upya.