Mimi ni mtu wa kusikiliza (kumbe nilihitaji miwani)

SELE: Habari za wakati huu, msikilizaji, karibu tena kipindini. Ni mimi Sele, na pembeni yangu yupo Mwalimu Neema, ambaye leo kaingia studio na rundo la madaftari. Mwalimu, hata huku?

NEEMA: Kaka Sele, nina mikondo minne ya kidato cha pili. Madaftari yananifuata mpaka jikoni. Ila kabla hatujaanza, nakusomea kitu mara moja tu. Kilimanjaro, mita 5,895. Mlima Kenya, mita 5,199. Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109. Umesikia?

SELE: Nimesikia. Za nini sasa?

NEEMA: Ziweke tu, tutakutana nazo mbele.

SELE: Haya. Mada ya leo wazazi wameiulizia sana: mwanangu ni wa aina gani, wa kuona, wa kusikia, au wa kushika kwa mikono? Mimi jibu langu nilikuwa nalo tangu kidato cha kwanza. Mimi ni mtu wa kusikiliza. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, ubao hata siuangalii, nafumba macho mwalimu anaongea. Wenzangu wakajua Sele ana kipaji cha masikio. Nikafika chuo, wakaja watu wa kupima macho bure. Mtaalamu ananiambia, soma herufi zile. Namuuliza, zipi?

NEEMA: Jamani!

SELE: Miaka yote ile, Mwalimu, kumbe ubao wenyewe nilikuwa siuoni.

NEEMA: Sasa hapo umenirahisishia kazi, maana mada yote iko kwenye hadithi yako. Wewe ulijijua kweli, ila ulijua nusu. Ulijua kwamba ukisikiliza unaelewa kuliko ukiangalia ubao. Hujajiuliza kwa nini. Ukajibandika jina, ukaishi nalo.

SELE: Lakini haya mambo si ya kuokota kijiweni. Nilisoma kuna mtu wa New Zealand, Neil Fleming, alikuwa mkaguzi wa shule, mwaka 1987 akatunga dodoso la kumgawa mwanafunzi: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, wa kutenda. Limeenea dunia nzima.

NEEMA: Limeenea, nami nimekutana nalo kwenye semina. Na sehemu moja ni kweli: watu wana wanachokipenda. Yupo mtoto anafurahi ukimchorea, yupo anayetaka hadithi. Tatizo linaanza pale tunaposema basi huyu wa picha afundishwe kwa picha, atafaulu zaidi. Hilo linapimika. Chukua watoto wanaojiita wa picha na wanaojiita wa masikio. Kila kundi ligawe nusu kwa nusu: nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa maneno. Halafu wote wape mtihani mmoja. Kama dai ni la kweli, wa picha wafanye vizuri walipofundishwa kwa picha, wa masikio walipofundishwa kwa maneno.

SELE: Ikawaje?

NEEMA: Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwepo kutafuta jaribio la namna hiyo. Walikuta machache mno yaliyofanywa hivyo, na baadhi ya hayo machache yalilipinga dai lenyewe. Wakaandika kwamba ushahidi wa kuwagawa watoto kwa mitindo ya kujifunza hautoshi.

SELE: Kwa hiyo picha ziondoke darasani?

NEEMA: Hapana bwana, zibaki! Ramani utaifundisha kwa kuimba? Kinachoamua njia ni somo lenyewe. Ramani inataka macho ya kila mtu. Matamshi yanataka masikio ya kila mtu. Na kufungua injini hakuna atakayejifunza kwa kusoma desa, hata awe nani. Nenda gereji yoyote, mwulize fundi kama alianza kwa kujaza dodoso. Alianza kwa kushika tochi.

SELE: Na kutumwa chai.

NEEMA: Na kutumwa chai. Haya, milima yangu.

SELE: Eh! Kilimanjaro 5,895, hiyo imo. Kenya... 5,100 na ushee. Ya tatu imenitoka.

NEEMA: Kenya 5,199. Ya tatu Rwenzori, 5,109, kilele Margherita. Umeona ulivyosumbuka? Kusumbuka huko ndiko kusoma kwenyewe.

SELE: Fafanua, maana mimi nimejisikia aibu tu.

NEEMA: Wewe ulisoma madrasa?

SELE: Nimesoma, mpaka nikakaribia kuhitimu.

NEEMA: Ustadhi alikuwa anafanyaje ukishamwambia umehifadhi?

SELE: Anachukua msahafu, anakwambia soma. Unasoma kwa moyo, yeye anakufuatilia. Ukikwama anakupa neno moja, unaendelea. Ukikwama sana, rudi kakae.

NEEMA: Basi ustadhi wako alikuwa amefika zamani kwenye jambo ambalo wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, walilipima mwaka 2006. Waliwapa wanachuo habari wasome. Kundi moja likairudia kuisoma, kundi la pili likafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliofunika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42.

SELE: Ndiyo maana mtu anapiga msuli usiku kucha, asubuhi anatembea kifua mbele, wiki ikiisha hana kitu.

NEEMA: Na hajidanganyi kwa makusudi. Ukirudia desa mara ya tano, macho yanateleza tu, kila mstari unaufahamu. Unaona umeelewa. Kumbe umelizoea tu hilo karatasi. Kwa hiyo mzazi akiniuliza mwanangu ajijueje, namwambia asimtafutie jina. Amnunulie daftari la bei rahisi. Jioni mtoto afunge vitabu, aandike anachokumbuka cha kipindi cha leo, kisha afungue na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku tatu arudie. Wiki mbili tu, wekundu utamwonyesha anapovuja: istilahi, au hatua za hesabu, au hakuelewa tangu mwanzo.

SELE: Au haoni ubao.

NEEMA: Au haoni ubao! Mimi siku hizi mtoto "mzito" namhamishia mbele wiki moja kabla sijasema neno. Namwuliza kama amekula. Namwuliza anaamka saa ngapi, maana wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kugombania daladala, halafu saa nane mchana tunashangaa wanasinzia.

SELE: Na lugha je? Mdogo wangu darasa la saba alikuwa moto, usanisinuru anakueleza huku anakula muhogo. Kidato cha kwanza kawa bubu.

NEEMA: Hilo linaniuma kuliko yote. Mtoto kasoma kwa Kiswahili miaka saba, Januari moja kila kitu Kiingereza. Akinyamaza tunasema huyu hajifunzi kwa kusikiliza. Atasikiliza nini? Huyo mwambie alieleze jambo kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu yeyote, hata bibi yake anayemenya viazi. Likinyooka, ndipo alibebe kwenda Kiingereza sentensi kwa sentensi. Akikwama kwenye Kiswahili, shida ni somo. Akikwama kwenye Kiingereza peke yake, shida ni maneno, na maneno yanatafutika.

SELE: Bibi yetu atataka kuulizwa maswali yake pia.

NEEMA: Na amwulize! Bibi ndiye ustadhi wa nyumbani. Haya kaka, dakika zinaisha. Milima.

SELE: Kilimanjaro 5,895. Kenya 5,199. Rwenzori 5,109.

NEEMA: Kilele cha Rwenzori?

SELE: Jina la mwanamke lile...

NEEMA: Sele, weka simu chini.

SELE: Linaanza na M. Usiniambie, usiniambie. Maria?

NEEMA: Nitakuuliza tena wiki ijayo.