Mabinti Wanaovunja Ungo Mapema

Shikamooni mama zangu. Hapa Ngamiani kila mtu ana jibu lake: mbona watoto wa siku hizi wanavunja ungo wangali darasa la nne, la tano? Jibu ninalolisikia zaidi ni kuku wa kisasa. Jamani, kuku huyo anakua haraka kwa mbegu yake na chakula chake, hachomwi homoni. Tumwache.

Chakula chenyewe, hapo sawa. Norwei, katikati ya karne ya 19, msichana alikuwa akiona damu ya kwanza akikaribia miaka 17. Miaka mia baadaye, kama 13. Ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni sahani, na maradhi ya utotoni yakapungua. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ubongo ukiridhika, unaziamsha ovari. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi hutangulia, na mwenye utapiamlo huchelewa.

Ila msichanganye kuota matiti na kuvunja ungo. Denmark, kati ya 1991 na 2006, matiti yalitangulia kwa karibu mwaka mzima, hedhi ikasogea miezi michache tu. Kwa hiyo ukiona kifua cha binti kimeanza kuchomoza, kwa kawaida bado una miaka miwili hivi ya kumwandaa.

Na nyumba ina lake. Tafiti za Marekani na New Zealand zimeona kwamba wasichana waliokosa baba nyumbani tangu wadogo huwahi kidogo. Mnaolea peke yenu msininunie: huo ni wastani, na wataalamu wangali wanabishana kama ni baba, ni dhiki, au ni kurithi tu, maana mama aliyewahi mara nyingi huzaa binti wa kuwahi.

Nisichokubali ni ile kauli ya "huyo keshaanza mambo ya wakubwa." Hedhi haiitwi na tabia! Mwenye miaka 10 ana akili ya miaka 10, hata kifua kikisema vingine, na anayemtazama vingine ndiye wa kuulizwa.

Matiti yakitokea kabla ya miaka 8, mpelekeni hospitali ya Bombo akapimwe. Nanyi makungwi, mkingoja mwali aone damu ndipo mumfunde, mmechelewa. Anzeni akiwa darasa la tatu. Vitambaa vya hedhi nimekuja navyo. Tukimaliza maswali, somo atatuonyesha anavyovikunja.